Kiti Laini cha Daktari

Fundi Nati alikuwa na jibu moja kwa kila kitu kinachoharibika duniani: kuna mtu hakukaza. Baiskeli ikilia mlio wa ajabu, kuna mtu hakukaza. Bomba la jirani likivuja, kuna mtu hakukaza. Hata ndoa ya kinyozi wa barabara ya pili ilipovunjika, alisikiliza habari yote tangu mwanzo, akafuta mikono kwa kitambaa, akatoa hukumu ileile. Watu wakambandika jina la Nati, naye kwa kuwa hana haya, akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana yake ya baiskeli.

Sasa mtu wa namna hiyo, mpe mke anayechoka uone.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na si fundi wa kubahatisha. Cherehani yake ilikaa dirishani sebuleni, hatua saba kutoka karakana, na asubuhi ungedhani nguo zinajishona zenyewe. Lakini ikigonga saa sita mchana, mambo yanageuka. Mkono unakuwa mzito, mkasi unamponyoka, mshono uliokuwa umenyooka unaanza kwenda upande. Kope la jicho la kushoto linashuka, sauti inaingia puani, na mwishowe analaza kichwa juu ya meza na kusema, "Nipumzike kidogo." Akipumzika saa moja anaamka na nguvu zake kiasi, na hapo ndipo mumewe alipokuwa akipandwa na hasira hasa. Ugonjwa gani, aliuliza, unaosoma saa? Mgonjwa wa kweli anaumwa asubuhi, mchana na jioni, kama dawa zinavyoandikwa. Huo wa kuanzia saa sita una jina lake, na hilo jina si la hospitalini.

Kwa hiyo akamwita Mama Nusu Siku. Ulianza kama utani mbele ya wateja, wateja wakacheka, jina likashika. Wifi yake, yaani dada yake Nati, alilipenda kuliko wote, kila akija kuwatembelea hupiga hodi saa nane mchana na kuuliza, "Mama Nusu Siku yuko zamu ya kulala?" Na mwenyewe anacheka pamoja nao, mkono mdomoni. Kule zahanati walimpa vidonge vya kuongeza damu. Mara ya pili wakampa vya minyoo. Mara ya tatu mhudumu akamshauri apunguze mawazo. Alipoomba apelekwe hospitali kubwa, Nati akamwambia kwamba wao si watu wa kupanga foleni kwa sababu ya usingizi. Hiyo ilikuwa miaka mitano iliyopita, na mama wa watu hakuomba tena.

Ndipo kiwanda cha magodoro, kile kilicho nyuma ya kituo cha mabasi, kilipoguswa moyo. Wakubwa wakiguswa moyo lazima watoke nje wafanye mazoezi, sijui kwa nini. Matembezi yalikuwa yameshafanywa na benki, kwa hiyo wao wakachagua baiskeli: kilomita ishirini na mbili kwa ajili ya watu wenye ugonjwa adimu wa misuli, ambao pale kiwandani hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja. Baiskeli arobaini mpya zikashushwa kwa Nati, bado zikiwa vipande ndani ya makasha, aziunge, azikaze, azibandike namba. Katibu wa kamati, dada mwenye simu mbili na haraka ya watu watatu, akamwachia na boksi la vipeperushi awagawie wateja.

Nati alivigawa kwa njia yake. Karatasi ilikuwa nzito, nzuri, inanyonya grisi ajabu. Alikuwa amefika baiskeli ya kumi na tisa, anafungia gololi ndani ya kipeperushi, alipoona mchoro wa uso wa mtu ambaye kope lake la kushoto limeshuka. Akazimwaga gololi, akasoma. Huu ni ugonjwa ambao mwili hushambulia nguvu za misuli yake wenyewe. Mgonjwa huwa na nafuu asubuhi na huzidiwa kadiri siku inavyosonga. Kope hushuka, sauti huingia puani, mikono huishiwa nguvu. Akipumzika, nguvu hurudi kwa muda. Asipotibiwa, anaweza kufika mahali akashindwa kumeza, kisha kupumua. Wengi hukaa miaka bila kutambuliwa, kwa kuwa watu wao wa karibu hudhani ni wavivu.

Akasoma mara tatu, spana mkononi. Wiki ile mkewe alikuwa amepaliwa na maji mara mbili, na mara ya pili Nati alimwambia anywe kwa adabu. Akatazama dirishani. Ilikuwa saa saba na nusu, na mkewe alikuwa amelaza kichwa mezani.

Mtu mwenye akili timamu angevuka hizo hatua saba akasema, mama watoto, nimekosa. Nati hakuvuka. Ukitaka kumwambia mtu "nadhani unaumwa" baada ya miaka sita ya kumwambia "wewe ni mvivu," lazima kuna sentensi moja ya kupita katikati, na hiyo sentensi hakuiweza. Akakunja kile kipeperushi, akakitia mfukoni, akaenda kumtafuta katibu. Maana chini kabisa palikuwa na picha ya daktari bingwa wa ugonjwa wenyewe, mama mtu mzima mwenye miwani, ambaye angekuja kutoka mbali kuendesha baiskeli pamoja na wengine kama mgeni wa heshima.

"Dada, huyu daktari naweza kumpata dakika tano tu?" Nati aliuliza. "Kuna mtu nataka amwangalie."

"Mtu gani, fundi?"

"Mgonjwa."

Katibu aliweka simu moja chini, jambo ambalo kwake lilikuwa heshima kubwa. "Fundi wangu, siku ile ni ya uhamasishaji. Tukianza kuleta wagonjwa, ratiba yote inavurugika."

"Kwani hizi baiskeli si za wagonjwa?"

"Ni kwa ajili yao," katibu akamsahihisha kwa upole. "Daktari anaingia asubuhi, anaendesha, anapigwa picha, saa nane ana ndege. Huyo mtu wako mpeleke hospitalini kwake akajiandikishe. Nasikia foleni yake ni miezi kumi."

Miezi kumi, na mtu anapaliwa na maji. Nati alirudi karakanani akiwa mdogo kama punje, akaketi juu ya kasha tupu, akafikiri. Kamati ilikuwa imempanga yeye na pampu yake kilomita ya kumi na nne, mkabala na kituo cha mafuta, kwa ajili ya watakaopata pancha. Msafara mzima ungepita mbele yake na daktari ndani yake. Ila daktari mwenye baiskeli nzima ana sababu gani ya kusimama kwa fundi?

Hapo nisikilize vizuri. Zamani, Nati alipokuwa anajifunza kazi, bosi wake alikuwa na mchezo mchafu. Mteja akija kujaza upepo, bosi anajaza, halafu analegeza valvu kidogo tu, robo ya mzunguko. Mteja anaondoka akishukuru, jioni anarudi akisukuma. Nati aliona hilo akaapa kwamba mikono yake haitalegeza kitu cha mtu mpaka anaingia kaburini. Na alikitunza kiapo hicho miaka ishirini na mitatu, hadi Jumatano ile, alipofunga mlango wa karakana mchana kweupe na kuijaribu robo ya mzunguko kwenye baiskeli yake mwenyewe. Akaiendesha kwenye njia ileile ya msafara. Mara ya kwanza upepo ulimwishia kilomita ya kumi na saba. Akalegeza zaidi, akaishiwa ya kumi na moja. Mara ya nne gurudumu lilikaa chini palepale mbele ya kituo cha mafuta, na Nati akasimama juani akitokwa jasho, anaona fahari na aibu kwa pamoja. Baiskeli ya daktari ilikuwa namba saba. Akailegeza kipimo hichohicho, mchana wa mwisho kabla hazijachukuliwa, na kuacha maagizo kwamba ijazwe upepo asubuhi na isiguswe tena.

Halafu akaharibu kila kitu kwa heshima. Viti vya baiskeli zile vilikuwa vyembamba na vigumu, na dhamiri ilimwambia kwamba huwezi kumtegea mama mtu mzima mtego na bado umkalishe pabaya. Alikuwa na kiti kimoja kipana, chenye sponji nene, alichokihifadhi rafuni muda mrefu. Akakifuta vumbi, akakifunga kwenye namba saba, akakikaza vizuri sana.

Ikabaki kumleta mgonjwa.

"Jumamosi nataka unisaidie kazi kule barabarani," alimwambia mkewe, macho kwenye sahani.

"Mimi? Nikusaidie nini?"

"Kushika pampu."

"Mtu wa nusu siku?"

"Nusu siku inatosha."

Mkewe akamtazama kama anayetafuta homa usoni mwake, halafu akacheka, mkono mdomoni. Jumamosi alivaa gauni lake la kutokea. Akapanda nyuma kwenye kereya, akamshika kiuno mumewe, wakaondoka jua likiwa bado halijapanda. Watu wa mtaani waliwapigia miluzi kama maharusi.

Tatizo ambalo Nati hakulipima kwa kuendesha barabarani lilimpata hapo. Asubuhi mkewe alikuwa mzima. Mzima kabisa, anaimba, anapanga spana kwa ukubwa, anamtania muuza mafuta wa ng'ambo. Daktari angesimama, angemkuta mama mchangamfu kuliko yeye, angesema hongera na kwenda zake. Basi ikawa kwa mara ya kwanza katika miaka sita, Nati alimwomba Mungu mkewe achoke. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo, akamsaidia Mungu. Akampa tyubu sita azijaze upepo kwa mkono. Akampa kopo la nati azichambue. Akampa bendera nyekundu ya kamati, awapungie magari yapunguze mwendo.

"Leo umeamkia upande gani?" mkewe akamuuliza, anapunga. "Unanipa kazi kama umenisahau mimi ni nani."

Alifanya yote kwa furaha, na hilo ndilo lililomuumiza Nati. Kufika saa tatu kasoro, bendera ilikuwa inashuka. Akaihamishia mkono wa pili. Ikashuka tena. Nati alikuwa ameketi juu ya boksi la vifaa, hana la kufanya ila kumtazama, na kusema kweli hakuwahi kumtazama. Alikuwa akimtupia jicho tu, na hukumu anayo tayari. Sasa akaona jinsi anavyoegemeza kidevu kwenye ngumi ili taya lisining'inie. Akaona kope linavyoshuka polepole, linainuliwa, linashuka. Akaona kwamba ule mkono mdomoni wakati wa kucheka haukuwa haya ya kike hata kidogo. Midomo yake ilikuwa haiwezi kulimaliza tabasamu, na alikuwa anaificha. Miaka yote anacheka utani wao huku anaficha. Nati aliona aibu ya kutaka ardhi ipasuke.

"Kaa upumzike," akasema.

"Si bado hawajafika?"

"Kaa tu, mama. Acha bendera."

Akampisha kwenye kiti chini ya mwavuli, na mtego wake wa kumchosha ukaishia hapo.

Msafara ukatokea. Walikuja wakihema, fulana nyeupe zimewaganda mgongoni, kila kifua kimeandikwa SI UVIVU, NI MISULI kwa herufi kubwa. Nati akasimama, anasoma namba. Ishirini na tisa. Nne. Kumi na nane. Halafu, gurudumu la nyuma limekaa chini mahali palepale alipopanga, kwa hesabu safi ambayo hakuna mtu angempongeza, ikafika namba saba. Juu yake alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha magodoro.

"Fundi, haraka, haraka," mkurugenzi alisema, anashuka kwa shida. "Hii ndiyo nilichagua kwa ajili ya kiti. Nilizibonyeza zote kwa kidole gumba pale mwanzo, hii tu ndiyo ina kiti cha binadamu. Namba kumi na mbili yangu nikamwachia daktari. Kumbe hii ina tairi bovu."

Mtu ambaye maisha yake yote ni kubonyeza vitu laini, utamficha vipi kiti laini?

Mkurugenzi akajifuta jasho, akageuka, akamwona mama aliyeketi chini ya mwavuli, kope moja limeshuka. "Na huyu naye?" akauliza, anatabasamu kwa kutaka kuzoeana. "Amekuja kusaidia au amekuja kulala?"

Mama akacheka. Mkono mdomoni.

Nati aliyajua maneno yale. Yalikuwa yake, ungedhani mkurugenzi ameyaazima pale karakanani, na kuyasikia yakitoka kwa mtu mwingine kulimfanya atake kumpiga mtu, na mtu mwenyewe hakuwa mkurugenzi.

"Mzee," akasema, "hebu soma kifuani kwako."

Mkurugenzi akainamisha kidevu, akasoma juu chini, akahangaika kidogo. "Hii?" akasema. "Hii ni ya kampeni. Haya fundi, wapiga picha wananingoja, mimi ndiye nitakayekata utepe."

Kukaza valvu na kujaza upepo ilikuwa kazi ya dakika mbili. Nati akapiga magoti, akaligusa gurudumu, akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari wa wodini. "Tyubu imechanika vibaya," akasema. "Hii ni nusu saa." Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika ufundi, na aliona unatoka bila shida yoyote.

Mkurugenzi akaanza kusimamisha wenzake. Akampungia wa kwanza, akapita. Akampungia mhasibu wake mwenyewe, naye akapunga vilevile kwa furaha, akaenda. Akabaki barabarani amenyoosha mikono, mpaka akatokea wa mwisho kabisa, mama mwenye miwani anayeendesha huku amesimama kwenye pedali, hathubutu kukaa.

"Daktari, samahani sana," mkurugenzi akasema. "Hiyo namba kumi na mbili, kwa haki, si ndiyo yangu?"

"Ulisema nichukue."

"Nilikuazima. Unajua tena, utepe."

Daktari akashuka, akamkabidhi usukani. Mkurugenzi akapanda, akaugulia kidogo kile kiti kilipomgusa, akaondoka mbio kwenda kuwapigania wagonjwa.

"Bora," daktari akasema, anajinyoosha mgongo. "Kile kiti kilikuwa kinaniua. Una pa kukaa, fundi?"

Nati alikuwa na hotuba ameiandaa siku tatu. Ilikuwa na salamu, na pole ya safari, na maelezo. Akafungua mdomo. "Daktari, huyu hapa, huyu ni..."

"Nimemwona," daktari akasema. Akavuta boksi la vifaa, akaketi magoti kwa magoti na mke wa fundi. "Hujambo, mama. Nitazamie hapo juu, ncha ya mwavuli. Usishushe macho mpaka nikwambie. Halafu nihesabie kwa sauti mpaka hamsini."

Mama akamtazama mumewe, kama kuuliza huu nao ni utani gani. Nati akaitikia kwa kichwa. Akaanza kuhesabu. Kumi zilikuwa nzima, ishirini zilikuwa nzima. Ilipofika ishirini na sita kope la kushoto lilianza safari, na la kulia likalifuata. Thelathini na moja ikaingia puani. Arobaini ilitoka hewa tupu, midomo inacheza bila sauti, na mama bado amekaza shingo kutazama juu kwa sababu ameambiwa asishushe. Nati akageuza uso kuelekea kituo cha mafuta.

"Basi, mama. Basi. Umefanya vizuri sana," daktari akasema, akamshika mkono. "Maji yanakupalia?" Mama akaitikia. Daktari akabandua namba yake ya kifuani, akaigeuza, akatoa kalamu. "Hii utampa muuguzi wa mlangoni kwetu, Jumatatu. Jumatatu hii, siyo nyingine. Asikupangishe foleni, ameshaijua saini yangu. Tutapima damu tuhakikishe, lakini sina wasiwasi mkubwa. Dawa ipo. Haiondoi ugonjwa moja kwa moja, ila ninao wagonjwa wanaofanya kazi zao hadi jioni."

Mama alisikia neno jioni, akalishika. Machozi yakamtoka tu, na kope hazikuwa na nguvu ya kuyazuia.

"Imeanza lini?" daktari aliuliza, anaandika.

"Huu mwaka wa sita." Sauti ilikuwa imeanza kurudi.

"Miaka sita, na hukuja? Nani alikwambia huumwi?"

Mama alitazama barabara, ambako hapakuwa na baiskeli tena. "Watu," akasema. "Watu tu, daktari. Hawakujua."

Daktari akaandika. Nati alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la namba saba. Valvu alikuwa ameshaikaza kitambo, na bado vidole vyake vilikuwa vinaizungusha palepale ilipogoma. Angeweza kunyamaza. Lile neno watu lilikuwa pana, lilikuwa na nafasi ya wifi, na wateja, na mhudumu wa zahanati, na yeye akiwa katikati yao haonekani. Mkewe ndiye aliyemfungulia huo mlango, na hilo lilimchoma kuliko yote.

"Si watu," akasema. Sauti ilitoka nzito. "Ni mimi. Aliniomba nimlete, nikakataa. Nikamtungia na jina watu wamcheke."

Kalamu ya daktari ikasimama. Mkewe akamgeukia, akainua kope kwa kidole ili amwone vizuri.

"Najua," akasema. "Nilikuwepo. Sasa nyamaza, daktari anaandika."